Klachi ya Tajiri

Gia ya pili ilikwaruza tena, na nusu ya soko la Bariadi ikageuka kulitazama gari jekundu la milango miwili, la kimo cha chini kama benchi la kanisani.

Fundi Ndalahwa alikuwa akilingoja tangu asubuhi. Ushirika haukuwa tena mnunuzi pekee wa pamba, na sasa tajiri kutoka Lamadi alikuwa ameingia mjini na msururu wa malori. Habari zilizagaa: atakayeliponya gari hilo ndiye atakayepewa malori yote. Ndalahwa alikuwa na spana nyingi, lakini siku hizi wateja wake walikuja na baiskeli.

Kutoka kwenye usukani akateremka Marcelo na miwani yake myeusi. “Giaboksi imekufa,” alisema. “Nilishasema.”

Ndani, kwenye siti ya abiria, alibaki mama wa kanga iliyopauka, kama mtu aliyeomba lifti.

Ndalahwa akajaribu gia injini ikiwa imezimwa. Zote ziliingia. Akawasha, akakanyaga klachi hadi chini. Zikaingia kama kisu kwenye papai bivu.

“Sasa wewe, mkubwa.”

Marcelo akajilaza kwenye siti iliyosukumwa nyuma kabisa, kiwiko dirishani. Ncha ya kiatu ikagusa klachi, ikaishia nusu ya safari. Gia ikalia.

Ndalahwa aliona. Kuvuta siti mbele tu kungemaliza kazi. Lakini unamwambiaje mwenye malori kwamba miguu yake ni mifupi?

“Fundi, kwani ni nini?” mama akauliza.

“Tulia, mayu, mama yangu,” Ndalahwa akamjibu. “Haya ni mambo ya vyuma.”

“Siti je? Haiko mbali mno?”

Marcelo akamkazia fundi macho. Ndalahwa akamgeukia mama.

“Siti haina kosa hata kidogo. Mkubwa anakaa kama mkubwa. Hapa tushushe giaboksi nzima.”

“Umesikia, mama?” Marcelo akacheka.

Mama akateremka taratibu, akazunguka, akamwashiria Marcelo ampishe. Akavuta siti mbele, akakanyaga. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Gari likazunguka soko bila kukwaruza, likarudi, likasimama mbele yao.

“Malori yangu nitayatafutia fundi mwingine,” alisema kupitia dirisha. “Na dereva pia.”