Habari ya Kwanza ya Muheto Leo

Merdi alikuwa amekimbia kuwahi nafasi ya mwisho ya chaji, na simu yake bado haijajaa, Mama Kanyere alipoanza kufunga butiki, duka lake la kuchajia simu. Tena asubuhi ya siku ya soko.

"Mama, kuko nini?"

"Vita inakuya, mutoto. Chomoa simu yako, nang'oa paneli ya jua."

Nje, watu walikuwa barabarani tayari, magodoro kichwani. Merdi aliwaonea huruma. Kisha, kwa aibu kidogo, akafurahi. Tangu chuo chao cha uandishi wa habari kifungwe Goma, alikuwa amekaa hapa Muheto kwa shangazi yake, na alikuwa ameanzisha blogu. Mwalimu wao alisema magazeti yanakufa na redio inazeeka. Kesho ni ya mwenye simu. Blogu iliitwa Muheto Leo, ingawa kwa kuwa rezo, yaani mtandao, ilishikika juu ya kilima pekee, kwa kawaida ilitoka keshokutwa. Ilikuwa na wasomaji wanne. Watatu kati yao walikuwa Merdi mwenyewe, kwa simu za kuazima.

Safari hii angezitangulia redio zote.

Shangazi yake, Tantine Emérita, alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba. Maharagwe yalikuwa yamekauka vizuri, chakula cha mwaka mzima, yakingoja mikono tu.

"Weye njo ulisoma," alimwambia. "Tukimbie ao tuvune?"

"Ngoja nihakikishe, tantine."

Maana mwalimu alisema pia kwamba habari isiyo na shahidi wa macho ni uvumi. Na Merdi, pamoja na tamaa yake yote, hakutaka kumkimbiza mtu bure.

Mama Kanyere alikuwa ameambiwa na jirani yake, Nestor. Nestor alikuwa anafunga mbuzi nyuma ya pikipiki yake.

"Kaka, uliwaona na macho?"

"Mie? Ningewaona, ungenikuta hapa? Mama Nyirabagenzi njo anajua. Watu wanakimbia, weye uko unauliza! Utakufa na kalamu ku mukono."

"Simu," Merdi akamsahihisha. "Siku hizi hatutumii kalamu."

Alimkuta Mama Nyirabagenzi chini ya kilima, amempa mgongo, akiwafunga kuku wake kikapuni. Merdi akatoa simu, akakohoa kama mtu wa redio.

"Mama, uliwaona wenye silaha?"

"Hapana. Niliona muntu mwenye alikuwa anawakimbia."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, na ile njo iliniogopesha. Alishuka kilima mbio, begi ku mugongo. Nikamuamkia, hakuitika. Hapa kwetu muntu akupite bila salamu? Yule alikuwa ameona kifo."

Merdi aliandika: *Shahidi athibitisha.* Picha ya Tantine Emérita akiyaacha maharagwe yake ikampitia akilini, naye akajilazimisha kuuliza swali la mwisho, kama alivyofundishwa.

"Na yule muntu, mama, alikuwa nani?"

Mama Nyirabagenzi alikaza kamba ya kikapu, akageuka, akamtazama kuanzia viatu hadi mikanda ya begi.

"Si njo weye!" akasema. "Sasa tuambie, mutoto: wamefika wapi?"