Tone la Lakiri

Damari, dobi wa Askofu, aliitandaza kanzu ya zambarau mezani, akatafuta palipochakaa. Kanzu za askofu aliyetangulia zilikuwa zikimfikia zimetoboka magotini. Hii ya Askofu Wetherby, Mwingereza aliyekula kwa Gavana kila Jumamosi, ilikuwa na miaka miwili, na magotini ilikuwa kama imetoka kwa fundi jana.

"Mwezi mzima nampigia Mungu magoti kwa ajili ya mumeo," Askofu alikuwa amemwambia. "Hata Gavana nimemuuliza. Hajui lolote."

Damari akaugeuza mkono wa kanzu. Pindoni palikuwa na tone la lakiri, ile nta ya kufungia barua, jekundu, limekauka. Lakiri ya rangi ile ilitumika ofisini kwa Gavana tu, na ndiyo iliyofunga hati ambayo askari walimwachia siku walipomchukua mumewe, Nathanaeli.

Angeweza kulibandua kwa ukucha. Badala yake aliipiga pasi kanzu nzima, akilizunguka tone lile taratibu, kisha akaipeleka mwenyewe.

Askofu akaivaa mbele yake. "Asante, mama. Hakuna anayenyoosha nguo kama wewe." Halafu akaona pale pindoni. Hakuuliza kitu gani kile. Alilikunja pindo kwa ndani, akalishikilia kwa vidole.

"Basi nibariki, Baba Askofu, niende zangu," Damari akasema, akapiga magoti, akainamisha kichwa.

Akangoja. Kengele ya ibada ikaanza kulia, na mkono wa Askofu ulikuwa bado haujainuka.