Rangi Iliyobanduka Kwenye Madigadi

Baba alishuka kuondoa jiwe bila kufunga breki. Sasa tairi la trekta limemkalia mguu, na injini bado inanguruma.

"Rudisha nyuma, mwanangu. Ukienda mbele umenimaliza!"

Binti akapanda. Hajawahi kuruhusiwa hata kukalia kile kiti. Kirungu cha gia kilikuwa laini kama yai. Kiganja cha Baba kilishafuta namba zote.

"Nyuma ni wapi, Baba?"

Baba alikuwa amezimia.

Akakumbuka: Baba akirudi nyuma, kiwiko chake hugonga madigadi, lile bati la juu ya tairi kando ya kiti, hadi rangi imebanduka pale.

Akakanyaga klachi, akavuta gia kuelekea ile alama. Kiwiko chake hakikufika. Mkono wake mfupi. Gia iliingia, ila hakujua kama ni ya nyuma au ya mbele.

"Nisamehe, Baba," akasema, akaachia klachi.