Sinia la Mwisho

Risasi zilikuwa zimesimama kwenye sinia la bati, ncha juu, na Ardis alizigusa moja moja kwa kidole kuhakikisha hakuna iliyoinama. Alikuwa amezimimina mwenyewe kwenye kalibu asubuhi ile. Sasa ilibaki nta.

Risasi ya kumimina nyumbani haifyatuliwi kavu. Ukijaribu, inaacha madini yake yamegandamana ndani ya mtutu, na bunduki inakwisha kazi. Lazima mifereji inayoizunguka risasi ijazwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya ng'ombe, ikimiminwa siniani. Kule mabondeni Montana kila nyumba ina kipimo chake, na kipimo cha nyumba ile kilikuwa cha Einar, mume wake. Nta sehemu mbili, mafuta sehemu moja, moto mdogo. Miaka arobaini Ardis alisikia maneno hayo nyuma ya shingo yake. Miaka arobaini, jamani! Na si ya nta tu. Ya supu, ya mapazia, ya namna ya kufunga mlango.

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia Palmer, mdogo wake Einar, bunduki ya kaka yake begani na theluji kwenye kofia.

"Imeanza, shemeji," alisema. "Kesho barabara ya mlimani haipitiki."

"Basi ni leo."

"Gari linanguruma pale nje. Mizigo yako yote imo." Akapunguza sauti, akatupia jicho mlango wa sebule. "Yeye yukoje?"

"Yuko kwenye kona yake, karibu na jiko la kuni. Kimya."

"Amepungua?"

"Amepungua sana. Ungemwona Jumatatu na ungemwona leo, ungeshangaa."

Mwezi wa tano, kwenye kitanda cha hospitali, mchungaji akiwa amesimama pale pale, Einar alimshika mkewe mkono akamwapisha: mimi nikiwa ndani ya nyumba yangu, wewe hutoki kwenda kuishi kwingine. Ardis akaapa. Mwezi wa sita Einar alirudi nyumbani, na tangu hapo hajakosekana kwenye kona ile hata siku moja. Wewe na mimi tungesema kiapo cha kulazimishwa si kiapo. Watu wa bonde lile hawasemi hivyo, na Ardis ndiyo kabisa.

Dada yake alikuwa Arizona, kwenye jua, amemwandalia chumba. Kila akipiga simu alipewa jibu lile lile: siwezi, Einar bado yumo. Barabara ikifungwa, hakuna kutoka hadi mwezi wa nne. Majira yote ya baridi ndani ya vyumba vitatu, yeye na Einar. Ardis alikuwa na miaka sitini na nane, na kila akiufikiria msimu huo alitafuta pa kukaa.

"Ningekuwa mimi," Palmer alisema, "ningemtia kwenye gari nikamshushe mjini. Yameisha."

"Hospitalini ulikuwepo, Palmer. Alisemaje?"

Palmer alijikuna kidevu. "Kwamba akisharudi nyumbani, hatolewi tena amebebwa na mtu. Akitoka, atatoka kwa bunduki yake."

"Haya. Sasa mbona unanichosha?"

"Kaidi yule! Tangu utotoni. Mama alikuwa anamchapa hadi mkono unachoka, na yeye hasogei hata hatua."

Ardis alicheka, kisha akajiziba mdomo na kusikiliza upande wa sebule. Hakukuwa na sauti yoyote. Alijichukia kwa kuogopa cheko lake mwenyewe.

Palmer aliifungua bunduki, akaielekeza dirishani, akachungulia ndani. "Mtutu umekwaruzika vibaya, shemeji. Utadhani umesuguliwa na mchanga. Mwenyewe angeuona angelia."

"Angelia, ndiyo. Hiyo alikuwa akiipangusa kila Jumapili. Mimi alinishika mkono siku ile moja tu, ya kuniapisha."

Palmer aliifunga bunduki. Alihesabu vidole vyake kwa macho, kisha akasema, "Jirani kauliza kwa nini tunafyatua kila jioni."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia unajifunza shabaha. Kasema umri huo, shabaha ya nini? Nikamwambia muulize mwenyewe, ila simama mbali."

"Mjinga wewe," Ardis alisema, lakini alitabasamu.

Nta iliyeyuka yote ndani ya sufuria. Aliupunguza moto, akapangusa mikono kwenye aproni, akaenda kusimama kwenye mlango wa sebule. Hakuingia.

"Hili ndilo sinia la mwisho?" Palmer aliuliza.

"La mwisho. Baada ya hapa nitoke barazani, nifyatue kuelekea mlimani, halafu unipeleke."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Haki ya Mungu sijui mtu anaamkaje asubuhi bila kuambiwa cha kufanya." Macho yalimlowa, akakasirika nayo. "Ila nataka kujua."

"Nikuletee mimi?"

"Hapana. Ni mume wangu."

Aliingia sebuleni. Palmer alivua kofia akaishika kifuani.

Ardis alirudi amemkumbatia Einar kwa mkono mmoja. Alifungua kifuniko, akakigeuza kijisanduku juu ya sufuria, akakipiga kitako mara mbili, mpaka majivu yote ya mumewe yakaingia kwenye nta.