Ukaguzi wa Vyeti

Baba Tiwa, mlinzi wa geti kuu, alilibandika tangazo kichwa chini. Ikabidi alibandue na kuanza upya. Kila mfanyakazi alete vyeti vyake kabla ya Ijumaa. Atakayebainika kudanganya kuhusu elimu yake atafukuzwa siku hiyo hiyo.

Chuo kizima kikawa tumbo joto. Wakubwa waliozoea kumpigia honi Baba Tiwa mpaka masikio yazibe sasa walipita kimya, vioo vimepandishwa. Mhasibu mmoja aliugua ghafla, akaomba ruhusa ya wiki mbili.

Baba Tiwa hakuwacheka. Kabla ya geti hili alikaa miaka minne bila kazi hapo hapo Ibadan, akiishi kwa shemeji yake na kuhesabiwa vijiko vya mchuzi. Kazi hii ndiyo iliyompa chumba nyuma ya ukuta, na nafasi ya Tiwa katika shule ya watoto wa wafanyakazi.

"Kaichome ile karatasi," mkewe alimwambia.

"Nikiichoma, na ile fomu niliyosaini? Uongo wangu uko kwenye jalada lao, Mama Tiwa."

"Si ulisema wengi wanafanya hivyo?"

"Nilisema. Sasa wengi tutafukuzwa."

Jumatano alimkuta Bwana Folarin, mhadhiri kijana, ameegemea nguzo ya geti, machozi yanamlengalenga.

"Nimekwisha, Baba Tiwa. Wanasema mtu mwenye shahada ya daraja la tatu hawezi kupokelewa kusoma uzamili. Eti cheti changu cha uzamili nimekighushi."

"Hukusoma kwanza stashahada ya uzamili, ule mwaka mmoja?"

"Nilisoma. Naionea aibu, nimeiacha nyumbani."

"Ndiyo iliyokuvusha, bwana! Yenyewe si uzamili, lakini wa daraja la tatu bila hiyo hapokelewi. Ipeleke pamoja na vile vingine, watanyamaza."

Folarin alimtazama. "Wee mlinzi, umeyajulia wapi haya?"

"Getini mtu husikia mengi."

Kesho yake mchana Folarin alirudi anacheka peke yake, akamletea ndizi ya kuchoma na karanga. Baba Tiwa alishukuru, akampa Tiwa zote.

Ijumaa aliitwa ofisi ya utumishi. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili alipumzika katikati. Madam Ogunsola, mkuu wa ofisi hiyo, alikuwa ameshika cheti chake cha shule ya msingi, kile alichoombea kazi. Alikigeuza mbele, nyuma.

"Hiki nimekihakiki shuleni kwenyewe. Ni halali."

Baba Tiwa alishusha pumzi, akajaribu kusimama.

"Kaa kwanza. Bwana Folarin amekusifu sana humu ndani. Nikajiuliza, mlinzi aliyeishia shule ya msingi ameyajulia wapi ya uzamili? Nikapeleka jina lako kwenye vyuo vikuu. Majibu yamefika leo asubuhi."

Aliisukuma barua mezani, na sauti yake ikashuka.

"Fomu yako inasema hukusoma zaidi ya msingi, na sheria hainiachii nafasi. Naomba funguo za geti, Daktari."