Pilau kwa Minyoo

Bi Salha aliporudi safarini, alikuta nyumba ya jirani yake inanukia udi.

“Mwanaheri, una wageni?”

“Hapana, dada.”

Bi Salha akaliendea beseni la minyoo wa mboji alilomwachia alitunze. Alipolifunua, uvundo uliushinda udi. Minyoo waliosalia walikuwa wamekwea hadi kwenye kifuniko.

“Uliwalisha nini?”

“Pilau ya harusi,” Mwanaheri alisema, macho chini. “Na achari. Niliona kuwapa maganda matupu ni kuwanyima.”

“Chumvi na ndimu huwaua, mwenzangu. Na udi umewafukizia wao au mimi?”

Bi Salha alichana gazeti, akalilowesha kidogo na kulitandika kwenye ndoo safi. Mwanaheri akapiga magoti, akaanza kuwaokota walio hai. Mmoja alitambaa juu ya hina iliyoanza kufifia kiganjani mwake, akatulia.