Mafuta Meusi Juu ya Ndagala

Kitu cha kwanza Raisa alichokiona ni tone la mafuta meusi likidondokea ndagala zake, dagaa alizozianika juu ya wavu.

Wenye magari ya zamani walikuwa wametoka Bujumbura kuja kwenye maonyesho ya wakulima ya Rumonge. Walipokuta mchanga wa kuanikia samaki umefagiliwa safi, walidhani wametayarishiwa wao. Wavu wa Raisa waliusogeza kwa mguu, na pua ya Peugeot nyeupe ikasimama juu ya ukingo wake.

"Toa vitu vyako, dada, tunapiga foto," alisema mwenye gari. "Hizo samaki zinaharibu sura."

"Na harufu je?" mkewe akacheka.

Wanawake wengine waliokuwa wakianika hapo waliinama, wakaanza kuzoa ndagala zao. Raisa naye akainama, kama alivyozoea. Ndagala moja ilimnata kidoleni, nyeusi, inanuka garaji. Hizo ndizo zilizokuwa chakula cha nyumba yao wiki nzima.

Akainuka. Akaiweka ile ndagala juu ya boneti inayong'aa.

"Papa," alimwambia yule mwenye gari, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "hapa ni pangu. Wewe ndiye utakayetoka."